Chatu, Mnyama wa Kusubiri

Karibu kila utakayemuuliza chatu anauaje, awe wa Kilosa, Kitui au Masindi, atakujibu kwamba anavunja mifupa kwanza, kisha anameza. Jibu hilo limekaa vinywani mwa watu kwa vizazi, na si kweli. Wala yale maelezo ya pili, kwamba anamnyima mnyama pumzi hadi afe, hayasimami vizuri, ingawa hata wasomi waliyarudia kwa muda mrefu. Makosa haya yana chanzo kimoja: tumezoea kumtazama chatu katika zile dakika chache anapoua, basi. Maisha yake yaliyobaki, ambayo ni karibu yote, hayatushughulishi. Amelala kwenye nyasi, shimoni au juu ya mwamba, wiki baada ya wiki, tumboni hamna kitu. Mimi naona huko kwenye njaa na utulivu ndiko mwili wake unakoeleweka. Anavyowinda, anavyosaga chakula, anavyolea mayai, hata anavyokufa mikononi mwetu, vyote vinafuata hesabu moja ya kubana matumizi.

Kwanza tumjue tunayemzungumzia. Chatu wakubwa wa Afrika ni spishi mbili. Python sebae, aliyepewa jina la Albertus Seba, mfamasia wa Amsterdam wa karne ya 18 aliyekusanya wanyama waliohifadhiwa kutoka pande nyingi za dunia, anaishi kuanzia Afrika Magharibi hadi Ethiopia, Uganda na magharibi ya Kenya. Python natalensis anaanzia Kenya, ameenea sehemu kubwa ya Tanzania, na anashuka hadi Afrika Kusini. Kwa miaka mingi walihesabiwa kuwa mmoja, mpaka Donald Broadley, mtaalamu wa nyoka aliyefanya kazi Zimbabwe, alipowatenganisha mwaka 1984 kama nususpishi, na baadaye kuwatambua kuwa spishi mbili kamili. Kwa mbali hutawajua. Kichwani ndiko tofauti ilipo: wa kaskazini ana magamba makubwa utosini, na wa kusini utosi wake umejaa magamba madogomadogo, tena yale madoa meusi yaliyo mbele ya jicho na chini yake ni madogo na yamefifia.

Wote wawili wana alama za ukoo wa zamani. Nyoka wengi wamebaki na pafu moja linalofanya kazi. Chatu ana mawili. Na ukimgeuza ukatazama karibu na tundu la haja, utaona kila upande kijikucha kidogo. Hayo ni mabaki ya miguu ya nyuma ya mababu zake. Dume huvitumia vijikucha hivyo kumpapasa jike wakati wa kupandana.

Kuhusu urefu, masimulizi ni mengi kuliko vipimo. Chatu wengi wakubwa wanaokutwa wana mita 3 hadi 4, na wa mita 5 tayari ni wa nadra. Jike humzidi dume. Yako madai ya chatu wa karibu mita 10 aliyeuawa Bingerville, Ivory Coast, mwaka 1932, lakini hakubaki ushahidi wa kutosha kuyathibitisha. Ngozi haifai kuwa shahidi hapa, maana ikichunwa na kuwambwa huvutika sana, na aliyeipima kwa nia njema kabisa anaweza kurudi na nyoka mrefu kuliko yule aliyekuwa hai.

Tuje kwenye kuwinda. Chatu hakimbizi. Huchagua mahali ambapo wanyama hupita, ukingo wa mto, njia ya digidigi, majabali ya pimbi, shamba la miwa lenye ndezi, halafu hujikunja mapindi na kungoja. Kwenye midomo yake kuna vishimo vinavyohisi joto. Mwaka 2010 maabara ya David Julius wa California, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya hisia za joto, ilionyesha kwamba mishipa ya fahamu ya vishimo hivyo vya nyoka ina protini inayoitwa TRPA1, inayoamka pale joto linapopanda. Kwa hiyo usiku wa giza, sungura anayepita mbele ya majani yaliyopoa anaonekana kwa joto la damu yake mwenyewe. Ulimi nao huokota harufu hewani na ardhini na kuipeleka kwenye kiungo kilichoko juu ya kinywa. Zana zote hizi zinamwezesha asiinuke bure.

Akirusha kichwa, meno yake yaliyopinda kuelekea nyuma hushika. Hayana sumu, kazi yake ni kama ndoana, kadiri mnyama anavyojivuta ndivyo yanavyozama. Mwili hufuata na kuzunguka mara moja, mara mbili, mara tatu. Kinachotokea baada ya hapo kilipimwa na Scott Boback na wenzake wa Chuo cha Dickinson, Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Waliwatumia boa, ambao si chatu lakini wanaua kwa njia ileile, na panya waliotiwa dawa ya usingizi na kuwekewa vipimo vya damu. Ndani ya sekunde 6 tangu kubanwa, shinikizo la damu kwenye ateri lilishuka hadi karibu nusu ya lilivyokuwa, huku lile la vena kubwa likipanda mara sita. Katika dakika moja mapigo ya moyo yalikuwa yamepungua karibu nusu. Damu haiendi tena mbele wala hairudi. Ubongo na moyo vinakosa hewa kabla mapafu hayajawa na la kusema. Mifupa haina sababu ya kuvunjika. Ni kifo cha haraka, na haraka hiyo inamfaa mwindaji, kwa kuwa swala anayepigapiga miguu kwa dakika 10 anaweza kumjeruhi vibaya.

Kubana nako kuna gharama. Misuli yote ya mwili inafanya kazi kwa pamoja, na mnyama anayeishi kwa kuhesabu hawezi kubana dakika moja zaidi ya inayohitajika. Anajuaje kwamba yatosha? Boback na wenzake walikuwa wamelijibu hilo mwaka 2012. Waliwapa boa panya waliokwisha kufa, baadhi yao wakiwa wametiwa kifaa kinachodunda kama moyo. Pale kifaa kilipodunda, nyoka walibana kwa muda mrefu zaidi na kwa nguvu zaidi, kilipozimwa, walilegeza. Nyoka anasikiliza mapigo ya moyo kwa ngozi yake. Na miaka 10 baadaye, mwaka 2022, John Capano na wenzake walionyesha kwa picha za eksirei kwamba boa anapobana kwa sehemu ya mbele ya mwili, huhamisha kazi ya kupumua kwenye mbavu za nyuma zaidi, ili pafu liendelee kupata hewa.

Kumeza ni kazi ya taratibu, na anayepata bahati ya kuitazama kwa karibu haisahau. Chatu hulegeza mapindi, hunusa mzoga kwa ulimi, hutafuta kichwa. Akianzia kichwani, miguu ya mnyama hulala kuelekea nyuma na manyoya hayamkwami. Watu husema taya zake huchomoka, hazichomoki. Pande mbili za taya la chini hazijaungana kidevuni kwa mfupa, zimeshikwa na nyama inayovutika, na mfupa unaoshikanisha taya na fuvu unacheza kwa uhuru mkubwa. Basi upande wa kulia unasogea mbele na kung'ata, kisha wa kushoto, kisha wa kulia tena, na kichwa chote kinatembea juu ya mzoga hatua kwa hatua. Ngozi kati ya magamba inavutika mpaka weupe wake unaonekana. Kwa vile koo limejaa, tundu la pumzi lililoko sakafuni mwa kinywa husukumwa nje pembeni ya mdomo, nalo hufunguka na kufumba huku kazi ikiendelea.

Halafu huanza jambo ambalo kwangu ndilo la ajabu kuliko yote. Mengi tunayoyajua hapa yametoka kwa binamu yake wa Asia, chatu wa Burma, aliyechunguzwa na Stephen Secor na Jared Diamond tangu miaka ya 1990. Chatu mwenye njaa hupunguza viungo vyake vya ndani, mithili ya mwenye nyumba anayezima taa za vyumba visivyotumika: utumbo husinyaa, tumbo huacha kutoa asidi, moyo, ini na figo hupungua. Chakula kikiingia, mambo yote hugeuka ndani ya siku 2. Uzito wa utumbo huongezeka hata mara mbili, na matumizi ya nishati ya mwili yameonekana kupanda hadi mara 44 ya yale ya wakati wa kufunga. Utafiti wa mwaka 2005 ulikuta misuli ya moyo imekua kwa asilimia 40 katika saa 48. Kazi ikiisha, viungo hurudi vilivyokuwa. Mwaka 2011 kundi la Leslie Leinwand wa Chuo Kikuu cha Colorado lilitambua asidi tatu za mafuta katika damu ya chatu aliyekula ambazo, zikitiwa kwa panya, hukuza moyo wake pia kwa njia isiyo ya ugonjwa. Madaktari wa moyo wana sababu nzuri ya kumfuatilia nyoka huyu.

Maana ya mpango huo ni kwamba chatu mkubwa anaweza kukaa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, bila kula, na akaishi. Lakini mpango una mahali pake pa udhaifu. Saa anapokuwa ameshiba ndiyo saa asiyoweza kukimbia. Anahitaji jua, kwa sababu mwili wake hautengenezi joto la kutosha na nyama isiyosagwa haraka itaoza humo ndani. Akitishwa, mara nyingi hutapika mawindo yote ili apate wepesi wa kutoroka, na hapo amepoteza chakula cha miezi.

Hesabu hiyohiyo, kwa jike mwenye mayai, inakwenda hadi ukingoni. Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand aliwafuatilia chatu wa kusini kwa miaka 7 katika hifadhi ya Dinokeng, kaskazini ya Pretoria. Chatu 37 waliwekewa vifaa vya redio, na wanane kati yao walitaga ndani ya mashimo yaliyochimbwa na mhanga, ambamo kamera ziliingizwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Jike aliyekaribia kutaga na anayeatamia hubadilika rangi na kuwa karibu mweusi, na mwili mweusi hupokea jua upesi. Asubuhi hutoka hadi mdomoni mwa shimo, hulala juani mpaka joto la mwili linakaribia nyuzi 40, kiwango kilicho karibu na kumuua, kisha hurudi chini na kuyazungushia mayai mwili wake uliopata moto. Hufanya hivyo siku baada ya siku. Tangu kipindi cha uzazi kianze hadi kiishe, karibu miezi 6, hali kitu, na anaweza kupoteza asilimia 40 hivi ya uzito wake.

Kilichowashangaza wataalamu zaidi kilikuja baada ya mayai kuanguliwa. Ilidhaniwa kwamba nyoka anayetaga hana habari na watoto. Pale Dinokeng vitoto vilikaa na mama yao hadi wiki 2: mchana vinaota jua karibu na mdomo wa shimo, usiku vinarudi ndani na mama anavikunjia mwili wake vipate joto. Havilishi. Tumboni vimebaki na kiini cha yai, na joto ndilo linalosaidia kukisaga na kukigeuza kuwa nguvu. Huyu ndiye mnyama tunayemtaja tunapotaka mfano wa ukatili.

Alexander aliona pia kwamba majike waliomaliza kuatamia huchukua muda mrefu kurudisha mwili, kwa hiyo hawazai kila mwaka. Jike mmoja hutaga mayai mengi, kwa kawaida kati ya 30 na 50, na wakubwa wamewahi kupita hapo sana. Vitoto vinavyotoka, vyenye urefu wa nusu mita hivi, huliwa na kenge, nguchiro, mbweha na ndege wakubwa. Wachache mno wanafika ukubwa wa kuzaa.

Wakati mwingine kusubiri humpeleka chatu mahali ambapo chakula hakiishi. Katika msitu wa Maramagambo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth huko Uganda, kuna pango lenye maelfu kwa maelfu ya popo walao matunda, na chatu wamejiweka humo, wanachukua popo kwa nafasi yao. Watalii walikuwa wakiingia hadi mlangoni kuwatazama. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi aliyetembelea pango hilo alifariki kwa homa ya Marburg, na mwingine wa Marekani aliyeingia mwishoni mwa mwaka 2007 aliugua akapona. Kirusi kilitoka kwa popo. Chatu hawakuwa na hatia. Leo wageni wanatazama kutoka kwenye kibanda chenye vioo kilichojengwa mbali kidogo.

Swali la wengi ni lile la mtu. Je, chatu anaua watu? Ndiyo, na ni nadra sana. Tukio lililoandikwa vizuri katika majarida ya sayansi ni la mwaka 1979, kaskazini ya Transvaal ya wakati huo, Afrika Kusini: kijana mchungaji wa miaka 13 alibanwa na chatu wa mita 4 na nusu akafa kabla watu wazima hawajafika kumnusuru. Hakumezwa. Karibu na Malindi, mwaka 2009, mfanyakazi wa shamba aliripotiwa kumkanyaga chatu, akapambana naye kwa saa kadhaa, akamng'ata mkia, na akaokolewa baada ya kupiga simu. Huko Campbellton, Kanada, mwaka 2013, watoto wawili waliuawa usingizini na chatu wa Afrika aliyefugwa na kutoroka tundu lake. Mabega ya mtu mzima ni mapana, na ni kikwazo kikubwa kwa nyoka anayemeza kuanzia kichwani. Kwa kulinganisha, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka wenye sumu wanaua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Anayetaka kuogopa nyoka kwa busara amwogope moma na koboko. Hata hivyo mtoto mdogo asiachwe peke yake kwenye majani marefu kando ya mto, na sioni ubishi katika hilo.

Si jamii zote zilizomwona chatu kuwa adui. Usukumani, wacheza ngoma wa vyama vya nyoka, Bayeye na Bagoyangi, wamecheza naye uwanjani kwa vizazi huku wakitunza elimu ya dawa za kuumwa. Nyakach, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, Wajaluo wanamwita chatu mkubwa Omieri, na kuonekana kwake kunahusishwa na mvua na mavuno. Mwaka 1987 Omieri wa wakati huo aliungua katika moto wa nyasi, akapelekwa Nairobi kutibiwa, akafa. Alipotokea chatu mwingine Nyakach mwaka 2003, kijiji kiligawanyika kati ya waliotaka alindwe na waliohofia watoto na mifugo. Nadhani pande zote mbili zilikuwa na haki ya kusikilizwa, na hapo ndipo elimu ya tabia za mnyama huwa na faida kuliko mahubiri.

Kisheria chatu wote wa Afrika wamo kwenye mkataba wa CITES, orodha ya pili, yaani biashara yao ya kimataifa inahitaji kibali. Ngozi inatafutwa kwa mikoba na viatu, nyama inaliwa sehemu nyingi za Afrika Magharibi na Kati, mafuta yanauzwa kama dawa. Moto wa kiangazi unawakuta wakiwa wazito. Barabara nazo zinawaua, maana lami hubaki na joto baada ya jua kuzama nao huja kuota. Cha kusikitisha, huko Florida, Marekani, ambako chatu wa Afrika walitoroka au kuachwa na wafugaji, wameshika makazi pembeni ya Miami na kuwa tishio kwa wanyama wa huko, hata serikali ikapiga marufuku kuwaingiza nchini mwaka 2012.

Vijijini kwetu, vifo vingi vya chatu hutokea kwa mtindo mmoja. Amechukua mbuzi au mbwa, amelala na uvimbe tumboni mita chache kutoka mahali pa tukio, na watu wanamkuta na mapanga. Hasira ya aliyepoteza mbuzi naielewa, mbuzi ni ada ya shule. Ila chatu huyo ameshakula na kwa wiki kadhaa hana haja na mbuzi mwingine. Akiwa jike mkubwa, aliyeuawa ni mmoja wa wachache waliofika umri wa kutaga, na nafasi yake haitajazwa mwaka kesho. Pako mahali ambapo msaada upo: Watamu, pwani ya Kenya, kituo cha Bio-Ken kilichoanzishwa na James Ashe mwaka 1980 huwaondoa nyoka majumbani mwa watu, na ofisi za wanyamapori za wilaya hupokea taarifa za namna hiyo. Kazi kubwa zaidi ni ya nyundo na misumari. Chatu huingia bandani kwa upenyo mdogo akiwa na njaa, na akishameza kuku au kidume cha mbuzi hawezi kutoka kwa upenyo uleule. Ndiyo maana mfugaji humkuta asubuhi bado yumo ndani. Wavu wenye matundu madogo, uliozama ardhini kiasi na kufika hadi kwenye paa, na mlango usioacha mwanya chini, humgeuza akarudi alikotoka, kwenye ndezi na panya wa shambani.